Hapa Kisu Huinuliwa

Saa tatu asubuhi mjini Tullamore, mvua inakwaruza kioo,
natandika tabaka juu ya tabaka
kama mtu atandikaye kitanda cha mgeni:
chini kabisa udongo, juu yake mito,
juu ya mito nyumba, kila moja na mita zake mia tano za heshima,
kisha bata bukini washukao kila Oktoba kutoka barafuni,
kisha upepo, kasi yake kwenye kimo cha mita mia,
kisha ule waya wa kilovolti mia na kumi
uliokuwa ukibeba moto wa mboji kabla tanuri halijazimwa.
Zote ni data za umma. Hazina bawabu, hazina kiingilio.
Mtoto wa shule anaweza kuzipakua huku akila mkate.

Nikishaondoa pasipofaa, ramani inabaki na kiraka kimoja cha kijani:
kinamasi cha Clonavarra, hekta mia nne,
kilichochunwa ngozi na mashine kwa miaka arobaini,
cheusi, bapa, hakina wa kukililia.
Mitambo kumi na mmoja ya upepo inaenea bila kubanana.
Nimeipanga. Wa saba umeangukia katikati.

Kuna tabaka moja nililisahau:
vimo vya ardhi, vilivyopimwa kwa leza kutoka angani.
Naliwasha. Bapa, bapa, bapa,
mifereji imenyooka kama mistari ya daftari,
halafu, palepale pa wa saba, uvimbe.
Mita mbili juu ya jirani zake, upana wa vyumba vitatu.
Mistari ya mashine inafika, inapinda,
inazunguka, inarudi kwenye njia yake
kama haikuona kitu.

Nikadhani hitilafu. Nikadhani mwamba.
Nikafungua picha za ndege za mwaka sabini na tatu:
mstari unapinda.
Za tisini na tano: unapinda.
Madereva wengine, mashine nyingine, kona ileile.
Mwamba haukwepwi kwa adabu kiasi hicho.

Nikampigia Fintan Geraghty, aliyeendesha misimu ishirini na sita.
Akakohoa. Akauliza mama yangu ni binti wa nani.
Nikamwambia. Kimya; nikasikia redio yake
ikisoma matokeo ya mbio za mbwa.
"Pale unainua kisu," akasema.
"Nani alikuagiza?"
"Hakuna. Aliyenifundisha aliinua."
Kisha, kwa sauti ya mtu arudishaye kitu cha kuazima:
"Ni watoto. Waliokufa kabla ya maji ya padri.
Kanisa halikuwataka uani kwake,
baba zao wakawaleta usiku, kwenye masanduku ya chai.
Dada yangu yupo. Hana jina.
Nikipita humwazima langu."

Mtambo wa saba nimeuondoa. Haikuwa kazi:
kitufe kimoja, megawati nne zikatoweka kwenye jumla.
Kazi ni safu ya mwisho ya jedwali, inayodai *sababu*.
Nikiandika, itakuwa ya umma. Wataipakua
wenye kamera, wenye majembe, wenye huruma ya haraka.
Nisipoandika, yuko kijana fulani, ofisi fulani,
miaka thelathini ijayo,
ataona nafasi tupu yenye upepo mzuri
na atashukuru.

Nikampigia tena Fintan. Hakupokea.
Nikanywa chai iliyopoa. Nikaandika *makaburi*, nikafuta.
Nikaandika *urithi*, neno la vipeperushi, nikafuta.
Wenzangu wakavaa makoti, wakaniaga,
taa za korido zikajizima zenyewe moja baada ya nyingine
kwa kuwa hakuna aliyetembea.

Nikaandika: *Hapa kisu huinuliwa.*

Mfumo ukanionya kwamba maelezo hayatoshi,
kisha ukauliza, kama uulizavyo kila siku: *Hifadhi?*
Nikasema ndiyo, kwa sauti, peke yangu,
kabla kidole hakijafika.